Kaumu ya Shuaibu na Ramani ya Matetemeko



Katika madarasa ya dini tunayowafundisha ndugu walioingia katika Islam karibuni, pamoja na wale ambao bado wanaichunguza, kuna maswali mawili yanayorudi kila mara habari za tetemeko kubwa la ardhi zinapotangazwa. Swali la kwanza ni hili: Je, wale waliokufa wameadhibiwa na Mwenyezi Mungu? Na la pili: Wataalamu wa siku hizi huchora ramani zinazoonyesha mahali ambapo ardhi yaweza kutikisika kwa nguvu. Je, mtu anayeamini qadari ya Mungu ana haja gani na ramani hizo? Je, si upungufu wa imani kujikinga na jambo ambalo limekwisha kuandikwa?

Maswali haya hayafai kujibiwa kwa haraka, maana mara nyingi anayeyauliza amefiwa au ana hofu moyoni.

Mwandishi wa maneno haya alikuwa mwanafunzi wa chuo cha dini nchini Pakistani mwaka 2005. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 8 Oktoba, katika siku za mwanzo za Ramadhani, yapata saa tatu kasoro dakika kumi, tuliona feni za dari zikiyumba pasipo upepo, na maji yakicheza ndani ya ndoo. Tukatoka nje tukisoma dua. Kwetu hakuna aliyeumia. Lakini kufikia jioni tulijua kwamba huko Kashmir na katika milima ya kaskazini tetemeko lenye nguvu ya 7.6 lilikuwa limeangusha miji mizima. Waliokufa Pakistani walizidi 73,000. Na kwa kuwa saa ile watoto walikuwa madarasani, shule kwa maelfu ziliwaangukia. Wanafunzi zaidi ya 17,000 walikufa wakiwa na vitabu mbele yao.

Siku iliyofuata mwenzetu mmoja alimwuliza ustadhi wetu: Watoto hawa walitenda dhambi gani? Ustadhi alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, usiulize habari za dhambi ya mtoto. Uliza habari za paa lililomwangukia." Wakati ule niliona kana kwamba amelikwepa swali. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba alilijibu.

Ramani hiyo ni nini?

Yapasa kwanza tukijue kitu tunachokizungumzia. Kuweka kumbukumbu ya matetemeko si kazi ngeni kwa Waislamu. Mwanachuoni mashuhuri Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mjini Kairo mwaka 1505, aliandika kitabu kizima juu ya matetemeko ya ardhi, akiyapanga mwaka kwa mwaka. Hata leo wachunguzi wa matetemeko ya kale wanakitumia kitabu hicho. Katika miaka ya 1850 mhandisi wa Ireland, Robert Mallet, alikusanya habari za matetemeko zaidi ya 6,000 ya zama mbalimbali, akayatia katika ramani ya dunia. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba matetemeko hayakutawanyika ovyo, bali yamejipanga katika mikanda.

Katika miaka ya 1960 elimu ilieleza sababu yake. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa ya mwamba yanayosogea polepole, sentimita chache kwa mwaka. Yanapokutana husukumana au kukwaruzana. Mwamba hujikunja kwa miaka mingi, halafu siku moja huachia ghafla. Karibu matetemeko 81 katika kila 100 ya yale makubwa kabisa hutokea katika mkanda unaoizunguka bahari ya Pasifiki. Mengine yapatayo 17 katika 100 huwa katika mkanda unaotoka Indonesia, kupitia milima ya Himalaya na Uturuki, hata bahari ya Mediterania.

Mwaka 1992 wataalamu wa mataifa mengi walianza kazi ya pamoja, na mwaka 1999 wakatoa ramani moja ya dunia yote. Nyingine, iliyofanyiwa kazi upya kwa hesabu za kisasa, ilitolewa Desemba 2018 na shirika lililoko Pavia, Italia. Katika kuzitengeneza huangaliwa mambo matatu: historia ya matetemeko yaliyopita, nyufa za ardhi na mwendo wa mabamba, na jinsi mtikisiko unavyosafiri katika mwamba na katika udongo. Kisha kila mahali hupewa rangi. Rangi hiyo haisemi tetemeko litakuja lini. Saa yake anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Yenyewe husema hivi: mahali hapa, katika muda wa miaka 50, ambao ni kama umri wa nyumba, kuna nafasi 10 katika 100 kwamba ardhi itatikisika kwa nguvu inayozidi kiasi fulani. Basi, ewe mjenzi, jenga ukilijua hilo.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba habari hizi ni za nchi za mbali tu. Katika ramani hizo imo alama ndefu inayofuata Bonde la Ufa. Tawi moja hupita katika maziwa ya Albert, Kivu, Tanganyika na Rukwa mpaka Nyasa. La pili hukata Kenya na kuingia kaskazini ya Tanzania. Tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 lilikuwa na nguvu ya 7.4. Subukia nchini Kenya ilitikiswa mwaka 1928, na Toro nchini Uganda mwaka 1966. Na tarehe 10 Septemba 2016 watu wa Bukoba waliona nyumba zao zikipasuka. Zaidi ya watu 15 walikufa katika mkoa wa Kagera, ingawa tetemeko lile lilikuwa na nguvu ya 5.9 tu.

Tishio na maafa

Sasa fikiri, ndugu msomaji, juu ya jambo moja ambalo ramani yenyewe haiwezi kulionyesha. Tarehe 12 Januari 2010 Haiti ilipatwa na tetemeko lenye nguvu ya 7.0. Waliokufa hawakuweza kuhesabiwa sawasawa, lakini hata hesabu za chini zinafika karibu laki moja, na nyingine zinapita laki mbili. Wiki chache baadaye, tarehe 27 Februari, Chile ilipatwa na tetemeko la 8.8, ambalo lilitoa nishati yapata mara 500 ya lile la Haiti. Huko Chile walikufa watu 500 na ushei, wakiwemo waliochukuliwa na mawimbi ya bahari.

Je, tuseme kwamba watu wa Haiti walikuwa waovu mara mia kuliko watu wa Chile? Hasha! Tofauti ilikuwa katika nyumba. Mwaka 1960 Chile ilipigwa na tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa na wanadamu. Nchi ile ikajifunza. Ikaweka sheria kali za ujenzi, na mwuzaji wa kwanza wa jengo huwajibika miaka 10 kwa dosari za kiunzi chake. Haiti, nchi ya watu maskini, haikuwa na sheria ya namna hiyo inayofuatwa, na majengo mengi ya zege yalikuwa mazito juu na dhaifu katika nguzo. Kwa hiyo tishio ni la ardhi, nalo hatuwezi kulizuia. Bali maafa hukamilishwa na mikono ya watu, au hupunguzwa nayo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Quetta, mji ambao leo umo Pakistani. Mwaka 1931 tetemeko lilitikisa sehemu ya Mach, si mbali na mji huo. Mhandisi kijana wa reli, S. L. Kumar, alipewa kazi ya kusanifu nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Quetta zitakazostahimili mtikisiko, akaziimarisha kwa chuma. Mwaka 1933 alichapisha makala pamoja na ramani ya kugawa Bara Hindi kwa kadiri ya hatari ya matetemeko. Haukupita muda mrefu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1935, watu wakiwa wamelala, Quetta iliangushwa kabisa, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 30,000 au zaidi. Katikati ya magofu yale nyumba za Kumar zilikuwa zimesimama. Ardhi iliyotikisika ilikuwa moja na usiku ulikuwa mmoja. Waliolala chini ya dari zile waliamka wakiwa hai.

Kosa la kaumu ya Shuaibu

Wengi hujua kwamba Kurani Tukufu inayo Sura iitwayo Az-Zilzaal, yaani Tetemeko. Lakini ni wachache wanaotafakari habari za Nabii Shuaibu a.s. na watu wa Madyan, kama zilivyoelezwa katika Sura Al-Aaraf. Kaumu ile iliangamizwa na tetemeko wakiwa ndani ya nyumba zao. Na Nabii wao alikuwa amewaonya juu ya nini? Pamoja na kuwaita katika ibada ya Mungu mmoja, aliwaonya juu ya kipimo na mizani. Walikuwa wakipunja watu haki zao katika biashara.

Tafadhali litazame jambo hili kwa macho ya leo. Ni nini kinachofanya paa limwangukie mtoto? Mara nyingi ni kipimo kilichopunjwa. Mfuko mmoja wa saruji umefyatuliwa tofali nyingi kupita kiasi. Nondo nyembamba imewekwa badala ya nene, na ringi za kuifunga zimeachana mno. Mchanga una udongo. Mkanda wa zege unaozunguka kuta juu ya madirisha, ambao mafundi huuita lenta, umeachwa kwa sababu hauonekani baada ya kupiga lipu. Mnunuzi hawezi kuyaona hayo. Anaamini tu. Naye aliyempunja amemdanganya katika mizani kama walivyofanya watu wa Madyan, ila ushahidi wake umefichwa ukutani, mpaka siku ardhi itakapotikisika na kuutoa nje.

Uturuki ilikuwa na ramani nzuri ya matetemeko. Mpya yake ilianza kutumika mwaka 2019, na ufa mkubwa wa mashariki ya Anatolia ulijulikana. Hata hivyo mwaka 2018 sheria iliruhusu majengo mengi yaliyojengwa pasipo kibali kuhalalishwa kwa kulipa ada. Tarehe 6 Februari 2023 yakaja matetemeko mawili katika siku moja, la 7.8 na la 7.5. Waliokufa Uturuki walizidi 53,000, na katika Syria maelfu. Ada ilikuwa imelipwa, lakini ardhi haikuwa na habari ya stakabadhi.

Hapa lazima nijishuhudie mwenyewe, nisije nikawahubiria wengine nikajisahau. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia ujenzi wa nyumba ndogo ya sala, pamoja na chumba cha wanafunzi, katika wilaya moja iliyo kando ya Bonde la Ufa. Michango ya waumini ilikuwa imekwisha, na mvua zilikuwa karibu. Nikamwambia fundi mwashi, mzee wa makamo ya baba yangu ambaye wala hakuwa Mwislamu, "Mzee, lenta tuiache. Tupandishe paa, Mungu atalinda." Aliweka mwiko chini akanitazama. "Mwalimu," akasema, "humu watalala watoto wa watu. Mimi sitaki kuulizwa." Akakataa katakata kuendelea. Tuliezeka baada ya miezi mitatu, lenta ikiwa mahali pake. Niliona haya, kwa sababu nilitaka kulitumia jina la Mungu kufunika upungufu wa saruji, na yule mzee ndiye aliyeiogopa Siku ya Kuulizwa kuliko mimi niliyekuwa nikiifundisha.

Basi, tulijibu swali la kwanza. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu aliwaadhibu baadhi ya watu wa kale, naye alitujulisha habari zao kwa wahyi. Lakini sisi hatuna ruhusa ya kuwatazama waliokufa leo na kuwahukumu. Mtume Mtukufu s.a.w. alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahimu, siku hiyohiyo jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Yeye mwenyewe aliwakanya, akawafahamisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Tena alimhesabu yule anayekufa kwa kuangukiwa na jengo kuwa miongoni mwa mashahidi. Basi tutathubutuje kumwita mwenye dhambi mtu ambaye Mtume s.a.w. amempa cheo cha shahidi? Onyo la tetemeko ni kwetu tuliobaki. Na yule atakayeulizwa kuhusu paa mara nyingi hakuwa chini yake.

Tawakali na tahadhari

Na swali la pili? Seyidna Umar r.a. alikuwa safarini kwenda Sham alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na masahaba, akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a. alipomwuliza kama anakimbia qadari ya Mungu, alijibu kwamba ndiyo, anaikimbia qadari ya Mungu kuielekea qadari ya Mungu. Hatari ni qadari, na kinga yake pia ni qadari. Aliyeumba mwamba unaovunjika ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kuusoma mwamba.

Katika zama hizi pia, tetemeko la Kangra lilipotokea katika Bara Hindi mwezi wa Aprili 1905, Masihi Aliyeahidiwa a.s. hakukaa ndani ya nyumba ya matofali akisema kwamba imani yatosha. Alihamia bustanini pamoja na jamaa zake, wakakaa huko miezi kadhaa. Kama mtu aliyeyatazama matetemeko kuwa ni maonyo kutoka kwa Mungu alitahadhari namna hiyo, sisi ni nani hata tuidharau tahadhari?

Tazama pia watu wa Simeulue, kisiwa cha Waislamu katika Indonesia. Mwaka 1907 wimbi kubwa la bahari liliwaua watu wengi huko. Waliosalia waliwasimulia wana na wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani, msingoje kitu. Masimulizi hayo waliyaita smong. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko kubwa lilipiga karibu kabisa na kisiwa chao, na mawimbi yake yakaua zaidi ya watu 220,000 katika nchi nyingi, yakavuka bahari ya Hindi hata Somalia, Kenya na Tanzania. Katika Simeulue, kati ya watu wapatao 78,000, walikufa saba. Ramani yao ilikuwa katika vinywa vya mabibi na mababu, nao waliitii.

Lakini tusiifanye ramani kuwa sanamu. Wataalamu wa Japani ni hodari kupita wengi, na bado ramani zao hazikutazamia tetemeko la 9.0 katika mahali lilipotokea tarehe 11 Machi 2011, wala wimbi lililovuka kuta za pwani na kuua watu wapatao 18,000. Elimu ya mwanadamu ni taa, nayo huangaza hatua chache. Asiye na taa hujikwaa. Anayedhani taa yake ni jua hujikwaa pia. Ndiyo maana Mwislamu humfunga ngamia wake kwanza, kisha humtegemea Mungu.

Linalotupasa

Ikiwa wewe ni fundi, saruji unayopima ni amana, sawa na mchele unaopimwa dukani. Ikiwa ni mkandarasi au mkaguzi, sahihi yako ni ushahidi. Na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Ikiwa unajenga nyumba yako mwenyewe, afadhali vyumba viwili vyenye lenta kuliko vinne visivyo nayo. Ukiwa kiongozi wa jamaa, uliza juu ya msikiti na shule kabla hujauliza rangi ya ukuta. Na mzazi awafundishe watoto: ardhi ikitikisika, jikingeni chini ya meza imara na kulinda kichwa, mkiwa nje, kaeni mbali na kuta, mkiwa pwani na mtikisiko ukawa mrefu, pandeni mahali pa juu pasipo kungoja kuambiwa.

Wewe unayeichunguza Islam, pengine ulitarajia tukuambie kwamba dini inataka watu wakunje mikono na kungoja yaliyoandikwa. Sivyo. Nabii Nuhu a.s. alipoonywa alichukua mbao akaunda safina. Nabii Yusufu a.s. alipofahamishwa juu ya miaka saba ya njaa alijaza maghala. Ishara iliyowafikia ilianza kazi mikononi mwao.

Chumba kile cha wanafunzi kando ya Bonde la Ufa kingali kimesimama. Mara mbili tangu hapo wenyeji wameniandikia kwamba ardhi imetikisika kidogo usiku na watoto wakaendelea kulala. Kila niletewapo habari hiyo namwombea yule mzee aliyeweka mwiko chini.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa watu wa kipimo kamili, katika sala zetu na katika kuta zetu. Awarehemu waliokufa chini ya magofu, awape subira waliosalia, na atujalie kusikia onyo kabla ya kishindo. Amin.